Hofu ya Kuambukizwa Haishibi

Kuogopa ugonjwa si kosa. Mtu asiyeogopa kipindupindu atakunywa maji ya mtoni bila kuyachemsha. Mtu asiyeogopa malaria atalala bila chandarua. Hofu ya namna hiyo ni mali. Hutufanya tuchimbe choo, tunawe mikono, tupeleke watoto kuchanjwa. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao juu ya malaria, kichocho na kuhara damu. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walijifunza, wakatenda, wakamaliza, wakarudi shambani.

Leo tunataka kuzungumza juu ya hofu nyingine, ile isiyomaliza. Mtu amekwisha nawa, lakini hofu inamwambia bado. Amekwisha pima, akaambiwa hana ugonjwa, lakini hofu inamwuliza: je, kama kipimo kimekosea? Hofu hii haileti choo wala chandarua. Inakula siku za mtu, moja baada ya moja.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kando ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, anayeuza dagaa sokoni. Ni mfano tu, lakini msomaji atamfahamu, maana watu kama yeye wapo katika vijiji vingi.

Mwezi Machi mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Kagera, katika Wilaya ya Bukoba. Mama huyu aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Sote tuliogopa. Akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Akaacha kushikana mikono. Vizuri sana. Lakini ugonjwa ulipokwisha, yeye hakuacha. Akaanza kunawa kwa maji ya klorini kila mteja akigusa fedha. Mikono ikachubuka, ikapasuka. Kila asubuhi anamwita mumewe:

"Baba watoto, hebu nishike shingoni. Sina joto kweli?"

"Huna."

"Hebu shika vizuri."

Mume anashika tena. Mama anatulia, anakwenda sokoni. Saa 4 mteja mmoja anakohoa. Basi, siku imekwisha haribika. Mama anafunga biashara, anakwenda duka la dawa kununua vidonge "vya kuzuia". Jioni dada yake anakuja na mtoto mchanga, naye hathubutu kumpakata. Jirani akifiwa, yeye anatuma mchango tu, haendi matangani. Watu wameanza kusema anaringa. Wengine wanasema karogwa. Haringi, na hakurogwa. Anaogopa tangu alfajiri mpaka usiku, na amechoka kuliko mtu aliyelima ekari nzima.

SIKU 21 NA SIKU 42

Hebu tuangalie wataalamu wa afya walivyofanya kazi wakati ule, maana kuna somo ndani yake.

Marburg ni ugonjwa mkali. Mwaka 2023 huko Bukoba waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walikufa. Mwezi Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo. Waliohesabiwa walikuwa 10, na wote 10 walikufa. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba ni jambo dogo. Lakini ugonjwa huu hauruki hewani kama moshi. Mtu huupata kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti yake, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Mtu ambaye hajaanza kuonyesha dalili hamwambukizi mwenzake. Na aliyeambukizwa huanza kuugua kati ya siku ya 2 na siku ya 21.

Kwa hiyo wataalamu walifanyaje? Kila aliyemgusa mgonjwa aliandikwa jina, akaangaliwa kila siku kwa siku 21. Siku ya 21 ikipita naye ni mzima, jina lake linatoka katika orodha. Na mgonjwa wa mwisho alipopona, zikahesabiwa siku 42, yaani 21 mara mbili. Hakutokea mgonjwa mwingine. Tarehe 2 Juni 2023 ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Kule Biharamulo ilitangazwa hivyo tarehe 13 Machi 2025.

Umeona, msomaji? Watu waliosimama karibu kabisa na ugonjwa ule walikuwa na hesabu yenye mwisho. Hofu ya mama wa dagaa haina hesabu. Siku ya 21 ikipita, inaanza tena siku ya 1, kwa sababu leo kuna mtu mwingine aliyekohoa. Tukitaka kujua kama jambo tunalolifanya ni tahadhari au ni hofu tu, tuulize: linaisha lini? Kunawa kwa sabuni kunaisha. Unanawa ukitoka chooni, ukimaliza kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Unasugua kwa kadiri ya sekunde 20, unasuuza, basi. Ndugu zetu Waislamu wanalijua jambo hili zamani: katika udhu kiungo huoshwa mwisho mara 3, na anayezidisha kwa wasiwasi huambiwa aache.

Tena kuzidisha kuna hasara yake. Ngozi nzima ni ukuta. Ngozi iliyopasuka kwa klorini ni ukuta wenye nyufa, na vijidudu hupita penye nyufa. Vidonge vya "kuzuia" visivyoandikwa na mganga navyo huvizoeza vijidudu dawa, hata siku ukiugua kweli dawa zisifanye kazi. Mama anadhani anajikinga, kumbe anajifungulia mlango.

MWILI UNAPOPIGA KELELE

Jambo linalowadanganya watu wengi ni hili: hofu yenyewe ina dalili, na dalili zake zinafanana na za ugonjwa.

Ukikutana na nyoka njiani, mwili wako haukungoji ufikiri. Moyo unakwenda mbio ili miguu ipate damu ya kukimbilia. Pumzi zinakuwa fupi fupi. Jasho linatoka. Mdomo unakauka. Tumbo linavuruga, hata wengine huhara. Mikono inatetemeka, vidole vinakufa ganzi kwa sababu ya kupumua haraka haraka. Nyoka akienda zake, mwili unatulia.

Sasa fikiria mtu ambaye nyoka wake yumo kichwani. Anasikia habari ya ugonjwa, anashtuka. Moyo unakwenda mbio. Anasema: "Eh! Moyo unakwenda mbio, ugonjwa umeanza." Anashtuka zaidi. Jasho linatoka. "Na homa hiyo!" Tumbo linavuruga. "Kumbe kweli!" Hivyo ndivyo hofu inavyojilisha yenyewe. Mtu huyu hadanganyi. Moyo wake unakwenda mbio kweli, na tumbo linauma kweli. Ila anayelivuruga tumbo si kijidudu.

Wengine huugua kwa vidole vyao wenyewe. Mtu anapapasa tezi ya shingoni, anaibonyeza asubuhi, mchana na usiku kuona kama imekua. Tezi inayobonyezwa mara 30 kwa siku itauma, na pengine itavimba kidogo. Naye ataona amepata ushahidi.

Hofu hii ni kama mbwa wa nyumbani. Mbwa mzuri hubweka akija mwizi. Huyu wetu anabweka kuku akipita, jani likianguka, jirani akikohoa. Wewe kila akibweka unaamka na tochi, unazunguka nyumba. Hakuna mtu. Unarudi kulala, naye anabweka tena. Amekwisha jifunza kwamba akibweka, wewe utaamka. Kumwuliza mume, kupima tena, kunawa tena, kuperuzi simu usiku wa manane, yote hayo ni kuamka na tochi. Unapata nafuu ya saa moja, kisha hofu inarudi imenenepa.

Wapo waliokwisha pima Virusi vya UKIMWI mara 5, mara 6, kila kituo wanachokijua, kwa tukio lile lile moja la miaka iliyopita. Ikiwa miezi 3 imepita tangu tukio la mwisho, na kipimo kinasema huna, basi huna. Kipimo cha 7 hakitasema neno jipya. Na wapo wengine ambao hofu haiwapeleki hospitali, bali huwafanya waikimbie kabisa. Wanaona uvimbe, wananyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kusikia jina lake. Hao nao ni wagonjwa wa hofu ile ile, na pengine ndio walio hatarini zaidi.

KAZI YA DAFTARI

Tufanyeje, basi? Kumwambia mtu "acha kuogopa" ni kazi bure. Angekuwa na uwezo angekwisha acha.

Lakini wewe unayesoma ukurasa huu una chombo kimoja ambacho wengi hawakuwa nacho: umekwisha jua kusoma na kuandika. Chukua daftari dogo. Kwa muda wa juma moja usibadilishe kitu. Andika tu kila hofu inapokujia, na wewe ulifanya nini. Kwa mfano:

Jumatatu, saa 1 asubuhi. Nimeuliza kama nina joto. Mara 4.
Jumatatu, saa 4. Mteja alikohoa. Nimenawa mara 3.
Jumatatu, saa 3 usiku. Nimesikiliza habari za magonjwa kwenye simu. Saa moja na nusu. Sikulala.

Ukifika Jumapili, soma. Watu wengi hushangaa. Walidhani wanauliza mara mbili tatu kwa siku, kumbe ni mara 20.

Juma la pili, chagua jambo moja tu, lile lililo jepesi kuliko yote. Usianze na gumu. Kama uliuliza mara 4, uliza mara 3. Ukifaulu siku tatu au nne, uliza mara 2. Au chelewesha: hofu ikikwambia "kanawe sasa hivi", tazama saa ya simu, ngoja dakika 10. Kesho yake ngoja 15. Hapa ndipo penye kazi. Zile dakika za kwanza ni mbaya, tusidanganyane. Moyo utadunda. Utajiona kama mzazi mbaya, mzembe, mtu anayejiua. Kaa hapo hapo. Hofu ikiachwa bila kulishwa hupanda, hufika juu, halafu huanza kushuka yenyewe. Hilo huwezi kuliamini kwa kuambiwa. Inabidi ulione mara kadhaa, na uliandike: "Nilingoja dakika 20. Ilipungua."

Unapongoja, pumua polepole. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka 4, toa ukihesabu mpaka 6. Usifanye hivyo ili kuifukuza hofu. Ni kuupa mwili nafasi ya kutulia wakati hofu ipo.

Halafu rudi kwa yale uliyoyaacha, kidogo kidogo. Yule mama wa dagaa anaweza kuanza kwa kukaa karibu na dada yake aliyempakata mtoto. Siku nyingine amshike mtoto mguu. Siku nyingine ampakate dakika 5. Kisha aende matangani, akae nusu saa, arudi, asinawe zaidi ya wenzake. Wakati wa mlipuko uliotangazwa atafuata masharti ya bwana afya kama kila mtu. Masharti yakiondolewa, naye ayaondoe siku ile ile.

Simu nayo ina kesi ya kujibu. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, tuliona jinsi sauti za watu wasiojulikana zilivyosambazwa katika makundi, kila moja ikiapa kwamba inatoka kwa daktari mkubwa. Mwenye hofu akisikiliza habari hizo usiku, hatalala. Sikiliza mara moja kwa siku, mchana, kutoka Wizara ya Afya au kwa mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Ukiwa na swali la kweli, Wizara ina namba 199, haitozwi fedha. Swali moja, jibu moja, kata simu.

Jambo gumu kuliko yote tumeliacha hapa makusudi. Mwenye hofu anataka mtu amhakikishie kwamba hataugua. Hakuna daktari duniani anayeweza kuapa hivyo, na anayeapa mwogope. Lakini sisi wakulima mambo haya tunayajua. Tunapanda maharage bila kupata barua kutoka kwa mvua. Tunachagua mbegu, tunapalilia kwa wakati, mengine hatuna amri nayo. Hatukai kando ya shamba tukifukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeoza.

KWA WATU WA NYUMBANI

Mume, mke, mama mkwe, watoto: msimcheke mwenye hofu, wala msimwite kichaa. Si kichaa. Wala si kwamba imani yake ni ndogo. Wacha Mungu nao hupatwa. Lakini msijibu kila swali lake pia. Mnapojibu mara 20 mnadhani mnamsaidia, kumbe nyinyi ndio mnaomshikia tochi.

Kubalianeni siku ambayo hofu imelala, si wakati imepamba moto. Kisha akiuliza, mume anaweza kumjibu hivi: "Mama watoto, hilo ni swali la hofu, tulikwisha lijibu asubuhi. Silijibu tena. Lakini mimi nipo. Twende tukapunguze majani makavu kwenye migomba." Aende naye kweli. Kazi ya mikono pamoja na mtu anayekupenda husaidia kuliko majibu 20. Siku ya kwanza mama atakasirika, pengine atalia. Mume asirudi nyuma, wala asigombe.

LINI KWENDA HOSPITALI

Hatusemi watu wasiende kutibiwa. Homa haingoji: nenda ukapime malaria ndani ya saa 24, hasa mtoto na mama mjamzito. Kikohozi cha wiki 2, nenda ukapime kifua kikuu. Damu katika mate, choo au mkojo, uvimbe usiopungua, kukonda bila sababu, hayo yote ni ya kwenda. Ukishindwa kuamua, jiulize: jirani yangu angekuwa na dalili hii, ningemwambia aende? Kama ndiyo, nenda na wewe. Kama ungemwambia alale, lala na wewe.

Hata mwenye hofu anahitaji kupimwa vizuri mara moja, kwa mtabibu mmoja. Upungufu wa damu, pamoja na ule unaoletwa na safura, na ugonjwa wa tezi ya shingoni huweza kuupeleka moyo mbio. Hayo yaangaliwe, yakiwapo yatibiwe. Yasipokuwapo, usianze safari ya kituo cha pili, cha tatu na cha nne.

Na hofu yenyewe ni ugonjwa unaotibika. Ikiwa inakula zaidi ya saa moja ya kila siku yako, ikiwa umeacha kazi, huli, hulali kwa wiki kadhaa, mweleze mtabibu wa zahanati akuelekeze hospitali ya wilaya. Yapo matibabu ya mazungumzo, yanayofanana na ile kazi ya daftari ila yanaongozwa na mtaalamu. Zipo pia dawa. Dawa hizo hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki 4 mpaka 6, kwa hiyo usiziache siku ya tano ukisema hazifai. Valiamu ya kununua dukani ni jambo jingine. Inatuliza haraka, halafu inakuzoea, na kuiacha kunakuwa kazi. Na yeyote anayefikiri afadhali afe kuliko kuishi na hofu, apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake hata njiani.

Ukienda, chukua lile daftari. Wengi wakifika mbele ya mtabibu hutaja tumbo, kichwa, moyo kwenda mbio, wakapewa dawa ya tumbo na ya kichwa, wakarudi nyumbani na hofu yao. Wewe akikuuliza unasumbuliwa na nini, fungua ukurasa wa kwanza, umsomee.